KANINYANG'ANYA KIKOMBE KIKIWA MDOMONI! Baraza la kahawa la Ngamiani, Tanga, limekuwa la mtu?

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, bado natetemeka. Yule mzee mnamjua. Yule wa kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni, anayejiona kaachiwa baraza urithi. Simtaji, mods wasije wakanifungia.

Nilikuwa nawapa watu darsa la Roma, kistaarabu kabisa. Kwamba pale uwanjani kulikuwa na jukwaa la Rostra, limepambwa pua za meli walizoziteka Antium mwaka 338 KK, msemaji akisimama pale umati wote unamsikiliza. Ndiyo nafika kwa Cicero, msemaji wao mashuhuri, kikombe kiko mdomoni, KIKO MDOMONI wakuu, mzee kakichomoa, kahawa kaimwaga mtaroni: "Lipa kwanza kashata za juzi, ndiyo utuletee Warumi wako!"

Baraza zima chini kwa kicheko. Muuza kahawa nusura adondoshe dele.

Cicero alimchana Antony, mbabe wa Roma wakati huo, hotuba 14 kabla hajaguswa. KUMI NA NNE! Mimi hata sentensi moja haijafika kwenye nukta. Katiba ibara ya 18 inanipa uhuru wa maoni, wapi imeandikwa "isipokuwa mwenye deni la kashata"? Mdomoni jamani! Nusura aondoke na jino!

Pweza_Mkavu: Kashata ulilipa?

Mleta uzi: Hoja si kashata. Hoja ni kikombe.

Mgosi_Mtulivu: Mgosi, shukuru Mungu. Huyo Cicero mwaka 43 KK walimkata kichwa na mikono, wakavitundika hapo hapo Rostra. Wewe umekosa kahawa tu unalia.

Pweza_Mkavu: 😂😂 Funga uzi.

Binti_Chumbageni: Halafu Rostra hakupanda kila mtu. Ni wakubwa, na waliokaribishwa na wakubwa. Na madeni yako ungekuwa huko chini unakanyagwa. Ila na nyie wa hilo baraza, mbona tukipita mnanyamaza, tukishapita ndiyo mnaanza? Uzi wa hilo nani anafungua?

Mgosi_Mtulivu: Dada, hapo tunasalimia kimoyomoyo.

Binti_Chumbageni: Mfyuu.

Kaka_wa_Meli: Hyde Park, London, watu waling'oa uzio mwaka 1866 wakidai haki ya kukutana, 1872 ikatungwa sheria ya hotuba bustanini. Mpaka leo mtu anapanda ngazi yake anaongea, na wanamzomea mpaka basi. Kuzomea nako ni maoni. Mzee kakuzomea kwa vitendo.

Mleta uzi: KIKOMBE KILIKUWA MDOMONI!!!

Mwana_Bagamoyo: Hamieni kwetu. Tunabishana mpaka usiku wa manane, hakuna anayegusa kikombe cha mtu.

Pweza_Mkavu: Kashata zenu zina mchanga.

Mwana_Bagamoyo: Za nazi hizo, hamzijui. Nyie mmezoea karanga na sukari ya kuungua.

Kaka_wa_Meli: Kashata ni ya ufuta, mengine kelele.

Binti_Chumbageni: Ufuta unanasa kwenye meno. Nazi.

Mgosi_Mtulivu: Kuna mama Makorora anazo za nazi, laini hizo! Ila hakopeshi.