Naomba ushauri: matangazo ya shule kuhusu sare, nafasi za kazi na mtaro unaochimbwa getini

Katibu_Kamati
Wakuu, habari za kazi. Ni shule ya msingi ya serikali, Dar. Januari hii kamati ina mambo matatu ya kuwatangazia wazazi: sketi mpya ya marinda, nafasi za kazi (mpishi wa uji 1 na mlinzi wa usiku 1, watalipwa kwa michango iliyopitishwa mkutanoni), na mtaro unaochimbwa mbele ya geti kubwa. Rasimu ni karatasi moja, kurasa mbili, ya kubandika ubaoni na kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Ikosoeni kabla haijagongwa muhuri.

Mwl_Zamu
Kosa la kwanza ni hiyo "karatasi moja". Tangazo la mtaro ni la kuanzia wiki ijayo, la kazi lina siku ya mwisho, la sare ni la mwaka mzima. Ukiyaunganisha, mzazi anasoma aya ya kwanza tu, na anayetafuta kazi anapiga picha nusu ya karatasi na kuirusha mtaani bila tarehe. Tengeneza matatu, kila moja na kichwa chake, na tarehe ya kutolewa iwe juu na chini, maana picha ya WhatsApp lazima ikatwe upande mmoja.

Saa nazo ziangalie. Ukiandika "usaili saa 8:00" nusu watafika asubuhi, nusu baada ya chakula cha mchana. Andika "saa 2:00 asubuhi". Na usiandike "Jumatatu ijayo", tangazo likirushwa upya wiki ya pili linadanganya.

Wengi wana simu ndogo, kwa hiyo la mtaro lipeleke kwa SMS. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160; ukiweka emoji hata moja, nafasi inashuka hadi 70 na mnakatwa hela ya ujumbe mara mbili au tatu. Mfano huu una herufi 157, nafasi na nukta zikiwemo:

TANGAZO 14/1. Kuanzia Jumatatu 19/1 geti la barabarani LITAFUNGWA, mtaro unachimbwa. Watoto wapite geti la msikitini. Mlinzi anavusha saa 12:30-1:30 asubuhi.

FundiSindano
Nijibu la sare. "Sketi ya bluu ya marinda" ni kama hujasema kitu. Kila fundi ana bluu yake na marinda yake, na mwezi wa pili mstarini utaona sketi za aina tano.

Taja upana wa rinda. Rinda lililofungwa kabisa, linaloonekana sm 5, linakula sm 15 za kitambaa. Mtoto mwenye kiuno cha sm 60 anahitaji marinda 12, yaani sm 180 za mzunguko kabla ya mishono. Kitambaa cha inchi 60 kina sm 152 tu, kwa hiyo lazima fundi aunge vipande viwili. Msipoandika, fundi wa bei rahisi atabana kwenye upana mmoja: marinda yanakuwa mafupi ndani na yanafumuka baada ya kufuliwa mara chache. Muungo ufichwe ndani ya rinda, usikae juu yake.

Upindo wa chini uwe sm 8, mzazi aufumue mtoto akirefuka. Bandikeni ubaoni kipande cha kitambaa chenyewe, sm 10 kwa 10, na mafundi wawili watatu wa jirani wapewe kama hicho. Picha ya simu haionyeshi rangi, kila kioo kina bluu yake.

Halafu msitaje duka moja. Hapo ndipo maneno ya "mwalimu mkuu ana asilimia yake" yanapoanza.

Katibu_Kamati
Ahsante fundi. Je, mwisho wa kuvaa sketi ya zamani tuweke lini? Wengine walitaka 31/1.

FundiSindano
Januari mafundi wote wamefurika. Wekeni baada ya likizo ya Juni, na anayeingia darasa la kwanza ndiye aanze na mpya. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 wa elimu bila malipo uliiacha sare mikononi mwa mzazi, kwa hiyo mnamuongezea mzigo ambao hakuna ruzuku inayoubeba. Na tangazo liseme wazi kwamba mtoto hatarudishwa nyumbani kwa ajili ya sketi.

Afisa_Rasilimali
Tangazo la kazi lina hatari kuliko mnavyodhani. Mstari wa kwanza useme: "Hii ni kazi ya mkataba inayolipwa na kamati kwa michango ya wazazi, si ajira ya Serikali." Usipousema utapokea bahasha za walimu wenye digrii, na matapeli watauza "fomu". Ongeza: hakuna malipo yoyote ya kuomba.

Mahitaji yawe machache: barua ya maombi, nakala ya kitambulisho cha taifa (NIDA), barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na kwa mpishi, cheti cha kupima afya. Sioni mpishi wa uji anahitaji cheti cha kidato cha nne kwa kazi gani.

Sasa mlinzi. Saa 12 jioni hadi 12 asubuhi kila siku ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Zamu ya saa 12 inataka makubaliano ya maandishi, na isizidi siku 5 kwa wiki. Mlinzi mmoja hatoshi. Wakiwa wawili wanaopokezana, wiki ya usiku 4 ni saa 48, hivyo saa 3 ni za ziada na zinalipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kuandika mshahara kwenye tangazo.

Katibu_Kamati
Dah, bajeti ilikuwa ya mmoja. Tutarudi mkutanoni kwanza, la mlinzi lisubiri. La mpishi litoke.

Site_Foreman
Kwenye mtaro, Mwl_Zamu kaweka uvushaji wa asubuhi tu. Darasa la kwanza na la pili wanatoka mapema, wakati huohuo katapila linafanya kazi na lori linarudi nyuma. Lori linalorudi nyuma ndilo baya kuliko shimo. Mwandikieni mkandarasi, malori yasisogee getini saa za kuingia na za kila kundi kutoka, nakala kwa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kama ni barabara ya mtaa, au TANROADS (wakala wa barabara Tanzania) kama ni barabara kuu au ya mkoa. Jina la mwenye mradi na la mkandarasi liko kwenye bango la mradi.

Ombeni uzio wa mabati, maana utepe wa plastiki mtoto anaupita chini. Kivuko cha juu ya mtaro kiwe na vishikio vya mikono pande zote mbili. Udongo ukae angalau sm 60 kutoka ukingoni, ukirundikwa kwenye mdomo wa mtaro unabomosha kuta. Mvua ikinyesha maji yatolewe kabla ya watoto kufika, si baada ya mafundi kunywa chai.

Namba ya simu kwenye tangazo iwe ya shule. Simu ya foreman haipokelewi, makelele ya mashine.