Kodi yenye umeme na maji ndani yake: je, ni nafuu kweli?

Mpangaji Mtarajiwa:
Ndugu zangu, natafuta fleti ya chumba na sebule mjini, na mapato yangu hayaniruhusu kukosea hesabu. Nimebakiwa na nyumba mbili. Ya kwanza kodi yake iko juu, lakini mwenye nyumba anasema kila kitu kimo: umeme, maji, uzoaji wa taka na intaneti. Ya pili kodi yake ni pungufu kwa robo, ila bili zote ni za mpangaji. Dalali ananihimiza niiwahi ya kwanza kabla haijachukuliwa, na nakiri kwamba haraka yake ndiyo inayonitia shaka. Nitajuaje ipi ni nafuu, na niulize nini kabla sijatia saini?

Mkongwe wa Kupanga:
Neno "kila kitu" halina maana yoyote mpaka liandikwe kwenye mkataba, huduma moja baada ya nyingine, pamoja na kiwango cha matumizi kinachoruhusiwa na nani atalipa kikipitwa. Niliwahi kupanga nyumba ya namna hiyo, na mwezi wa tatu nikaletewa karatasi ya "nyongeza ya umeme". Nilipouliza imekokotolewaje, nikaambiwa kwamba jengo zima lina mita moja na bili hugawanywa kwa idadi ya milango. Mimi nilikuwa natoka alfajiri na kurudi usiku, ilhali mlango wa pili alikaa fundi cherehani ambaye pasi yake haikupoa mchana kutwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: mita ni ya nani, nayo iko wapi?

Fundi Umeme:
Naunga mkono hoja ya mita, na naongeza njia ya kuipima. Omba kuzima swichi kuu ya fleti unayotaka kupanga, kisha usimame mbele ya mita yake kwa dakika chache. Ikiendelea kuhesabu, huenda kuna waya unaolisha kwingine, au hiyo si mita ya fleti hiyo. Kwa upande wa maji, funga mabomba yote uone kama mita imetulia, halafu tia rangi kidogo kwenye tangi la choo bila kulivuta. Rangi ikijitokeza kwenye bakuli baada ya robo saa, choo kinavuja kimyakimya, na uvujaji huo ndio unaopandisha bili bila mtu kujua sababu.

Kuhusu hesabu, usihangaike na taa. Hita ya maji ya wati 3,000 hula uniti moja kwa dakika 20 tu, wakati balbu ya wati 10 ingewaka saa 100 kabla ya kufikia uniti hiyo. Angalia maji ya kuogea yanapashwa kwa nini na jiko ni la nini, kwani huko ndiko pesa inakokwenda.

Mama Kijacho:
Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia, kwa maana mnaisema vibaya mno kodi ya jumla. Anayefanya kazi nyumbani, mwenye kompyuta inayowaka kutwa, anaweza kunufaika nayo sana. Asiyeonekana nyumbani ndiye anayewalipia wenzake. Jambo linalonitisha mimi ni jingine: bili ikiwa kwa jina la mwenye nyumba naye asilipe, huduma hukatwa, na anayekaa gizani ni wewe uliyekwisha kulipa. Omba kuona risiti zake za miezi ya karibuni.

Mpangaji Mtarajiwa:
Nawashukuru nyote. Mwenye nyumba ya kwanza amekataa kuandika kiwango chochote na risiti hakuwa nazo, akisema kwamba hapo "tunaishi kwa kuaminiana". Katika nyumba ya pili, mpangaji anayehama amenionyesha bili zake za mwaka mzima, na hata nikichukua mwezi wake mbaya kuliko yote, jumla bado iko chini ya kodi ya ile ya kwanza. Swichi kuu tuliizima, mita ikatulia. Choo kinavuja kweli, na nimekubaliana na mwenye nyumba kwamba atakitengeneza kabla sijahamia. Tumeliandika hilo katika mkataba, pamoja na namba zilizosomeka kwenye mita zote mbili siku hiyo.