H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo) Farkwa: dozi imeisha, kipimo cha damu bado chanya

Swali: Wakuu, mgonjwa wa Farkwa, Chemba, kamaliza dozi ya siku 14 lakini kipimo cha damu bado chanya. Arudie dawa?

Mtabibu: Hapana, asirudie! Kipimo cha damu huonyesha kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria), nazo hubaki miezi mingi hata bakteria wakiisha. Apime antijeni (chembe za bakteria wenyewe) kwenye choo kikubwa, wiki 4 baada ya antibayotiki, na omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) aiache wiki 2 kabla ya kipimo. Vinginevyo bakteria hujificha, majibu yakawa hasi ya uongo.

Mfamasia: Muulize pia alivyomeza. Omeprazoli miligramu 20 ni nusu saa kabla ya kula. Amoksisilini gramu 1, klarithromisini miligramu 500, zote asubuhi na jioni. Wengi huacha tumbo likitulia, usugu wa bakteria kwa dawa ukaanzia hapo.

Maabara: Sampuli ya choo isisafiri juani kwenye bodaboda. Kopo lifungwe vizuri, liwekwe kwenye kibebeo chenye barafu.