Homa kali katikati ya mafunzo ya ualimu wa Kiingereza, Chiang Mai: ameze mseto wa malaria au asubiri?

Mwambao_Kgm
Wakuu, msaada wa haraka. Mdogo wangu yupo Chiang Mai, Thailand, kwenye mafunzo ya walimu wa kujitolea wa Kiingereza, kozi ya saa 120. Ametoka Kigoma siku 12 zilizopita. Tangu juzi jioni homa 39, kichwa kinamuuma nyuma ya macho, viungo vyote hoi. Ana dozi moja ya mseto na diklofenaki. Ameze? Halafu Ijumaa ana somo la vitendo la kusimamiwa, anaogopa akilikosa cheti kitapotea.

ZamuYaUsiku
Mkuu, diklofenaki asiiguse. Wala ibuprofen, aspirini au Ponstan, mpaka ithibitike kwamba si homa ya dengi, maana zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Atumie paracetamol tu: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Dawa za mafua za kule nyingi zina paracetamol ndani, kwa hiyo asichanganye.

Mseto asimeze kwa kukisia, ila hospitali aende leo hii, asingoje kesho. Ana magonjwa mawili ya kupima. Dengi ipo sana Thailand, hasa msimu wa mvua. Siku hizi za mwanzo kipimo chake ni NS1, pamoja na hesabu kamili ya damu. Malaria huenda alitoka nayo nyumbani, kwa sababu ile kali ya falciparum kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Hapa ndipo watu wanapokosea: daktari wa mjini Chiang Mai akimwona mwanafunzi wa kigeni mwenye homa atawaza dengi kwanza. Lazima atamke mwenyewe kwamba ametoka Tanzania siku 12 zilizopita na anataka damu iangaliwe kwa darubini. Jibu likiwa hasi, warudie baada ya saa 12 hadi 24, hata mara tatu. Na kidonge kimoja cha mseto akimeza kabla ya hapo, vimelea vinaweza kupungua damuni kipimo kikadanganya.

Bi_Mapokezi
Hapo mapokezi aseme "khai lueat ok", ndiyo dengi kwa Kithai. Malaria wanaielewa hivyo hivyo. Gari la wagonjwa ni 1669.

Kabla ya kulazwa apige namba ya dharura ya bima, iliyo kwenye kadi. Hospitali binafsi hudai amana au barua ya dhamana kutoka bima, na barua hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Akilipa mwenyewe, achukue risiti zenye mchanganuo na cheti cha daktari kwa Kiingereza.

Mwambao_Kgm
Ahsanteni. Anaelekea hospitali na mwenzake wa bweni. Maji je? Anatapika kidogo.

ZamuYaUsiku
Anywe kidogo kidogo, mfululizo. ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, anunue famasi, ila asome pakiti: ya kwetu ni ya lita 1, za kule nyingi ni za mililita 150 au 250. Akimimina kijipakiti hicho kwenye lita nzima anakunywa maji matupu. Chupa zilizoandikwa ORT ni za wanamichezo, zina sukari nyingi, aziache. Akikosa kabisa: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta.

Kama ni dengi, mwogopeni siku homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Hapo wengi hudhani wamepona, kumbe maji ya damu yanavuja kwenye mishipa. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, kuzubaa, mkojo kukata: arudi hospitali papo hapo, hata saa nane usiku.

Mkufunzi_TEFL
Ijumaa aisahau. Amwandikie mratibu leo, kwa barua pepe na siyo ujumbe wa simu, aambatanishe cheti cha daktari na aombe mambo mawili: somo la vitendo lipangwe upya, na kama haliwezekani ahamishiwe kundi linalofuata bila kulipa tena. Asiandike "nimejiondoa" popote. Kozi nyingi anayejiondoa huanza upya, aliyeahirisha kwa ugonjwa huendelea alipoishia. Saa za nadharia hufidiwa kirahisi. Za kusimamiwa mbele ya wanafunzi ndizo ngumu, kwani mkufunzi na darasa lazima wapatikane siku moja. Na uchovu wa dengi unaweza kukaa wiki kadhaa, kwa hiyo asiombe Jumatatu.