"SI UMEPONA LAKINI?" Hivi daktari wa namna hii anapewa onyo tu?

Wakuu, natoka kwenye kikao cha nidhamu cha baraza la madaktari sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Yule daktari mnamjua. Wa miwani ya dhahabu, anayepewa redio kila Jumamosi awafundishe akina mama uzazi. Ndiye aliyempasua mama yangu, akamshona huku gozi, kile kitambaa cha kufyonza damu, imebaki tumboni. Mshono unatoa usaha, mama anaambiwa ni gesi!

Leo mwenyekiti kamuuliza: gozi zilihesabiwa kabla ya kushona? Hajibu. Anamgeukia mama, meno yote 32 nje: "Mama, si umepona lakini?"

SI UMEPONA LAKINI! Faili liko mezani, pa kuandika hesabu ya gozi peupe pee, yeye anauliza si umepona! Mama kainama, kanyamaza. Mama huyu huyu ambaye konda akizidisha nauli, anayeshushwa ni konda.

Uamuzi: onyo. Hajafutwa, hajasimamishwa hata siku moja. Katoka anapeana mikono na wajumbe, "dokta, dokta", utadhani wako harusini. Si umepona lakini!

Kisiki: Pole mkuu. Wanahukumiana wenyewe kwa wenyewe, ulitegemea nini? 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, kisa majina yamefanana. Tumeshasahau?

Wakili wa Mtaa: Baraza halitoi fidia. Linaweza kuonya, kusimamisha au kufuta usajili. Hela kadai mahakamani, fungua kesi ya uzembe.

Mleta uzi: Nani kataja hela? Nataka afutwe! Kamwambia mama yangu SI UMEPONA!

Chalii Mkavu: Punguza herufi kubwa mkuu. Kwani kapona au hajapona? 😂😂

Nesi wa Zamu: Kila siku madaktari na manesi. Nesi mmoja usiku kwa wodi nzima, mbona hilo hamlifungulii uzi?

Mpwani: Huku Kenya 2018, hospitali ya Kenyatta walimfungua kichwa mgonjwa asiyehusika. Daktari kusimamishwa tu, wenzake wakagoma.

Kisiki: Afadhali hao wana baraza. Fundi meno wa mtaani kwetu kaning'oa jino zima, bovu kaliacha.

Nesi wa Zamu: Ulifuata nini kwa fundi? Hospitali zimeisha?

Kisiki: Foleni yenu mnaijua wenyewe.

Chalii Mkavu: La juu au la chini?

Kisiki: La juu. Na hela hajarudisha.