Chapa za mbao kwenda maonyesho ya nje: naomba ushauri kabla sijaharibu karatasi nyingine

Mchongaji_Shangani:
Wakuu salaam. Mimi ni mchonga vinyago, nipo Mtwara mjini, kazi nimerithi kwa babu aliyeshuka kutoka Newala. Mwaka jana nilianza kuchonga mbao bapa na kuzipiga chapa kwenye karatasi kwa sababu moja tu, nauli. Kinyago cha futi mbili cha mpingo, mti unaozama majini kama jiwe, gharama ya kukituma nje inapita bei yake. Karatasi unaiviringisha tu.

Mpingo hautoi ubao mpana, kwa hiyo natumia mninga na patasi zangu zilezile. Mashine ya kukandamiza sina, nasugua nyuma ya karatasi kwa mgongo wa upawa wa kifuu.

Kazi yenyewe ni mashua za Mikindani, na jina la mji chini yake. Nikachonga MIKINDANI safi kabisa, kama ninavyochonga vibao vya maduka. Kubandua karatasi, limetoka kinyumenyume, zile N mbili zimegeuka herufi za Kirusi! Wino nao kwa hewa hii ya bahari, siku ya nane bado unanata. Nilizianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, moja ikaanguka, kuku akapita juu yake.

Sasa kuna maonyesho ya Ulaya yanayopokea kazi za yeyote. Wanataka "chapa asilia", nakala zenye namba na saini ya penseli, na kazi hairudishwi. Kijana mmoja wa kutoa kopi hapa mjini ananiambia nimpe moja aiskani, anitolee ishirini safi kuliko zangu, elfu moja moja. Je, hizo si chapa? Na namba zinaandikwaje? Halafu kuna barua pepe nyingine, hao sijawahi kuwatumia kitu, wanasema nimechaguliwa, nilipe euro 400 za nafasi ya ukutani.

Mama_Chapa_Lindi:
Njomba, tuanze na hizo euro 400. Usilipe. Maonyesho ya kweli yanaweza kudai ada ndogo ya kujiandikisha, mengine hayadai kitu, lakini nani anakuchagua kabla hujaomba? Hao wanauza ukuta.

Ya kuskani ni picha ya chapa. Chapa asilia ni karatasi iliyolala juu ya ubao wako wenye wino, basi. Ndiyo maana nakala ya tatu na ya kumi zote ni kazi halisi, hakuna mama na watoto. Wapo wanaopokea chapa za kompyuta, ila iwe imebuniwa hivyo tangu mwanzo, siyo mninga uliopigwa picha.

Namba: amua idadi kabla hujaanza. Ukisema 15, ya kwanza unaandika 1/15 chini kushoto, jina la kazi katikati, saini na mwaka kulia. Zile unazobaki nazo mwenyewe andika A/P, yaani "artist's proof", nakala ya msanii, alama hiyo inajulikana kote. Toleo dogo kama lako, moja au mbili zinatosha. Ukimaliza 15, pitisha patasi ubaoni, mkwaruzo mmoja mrefu, usichapishe tena. Najua inauma. Wangu wa kwanza nilikaa nao wiki nzima nautazama.

Wino unazidisha. Sikiliza rola unayopakia wino: ikilia kama gundi inabanduka, punguza. Inatakiwa itoe sauti ya kitunguu kinapoanza kukaangika. Na maneno, yachore kwenye karatasi nyepesi, igeuze, ndipo uyahamishie kwenye ubao.

Hilo la kutorudisha lisikutie hofu. Wakibaki na 3/15, nyingine unazo.

Daraja_la_Kwanza:
Yaani Mmakonde anaacha vinyago anaenda kupiga mihuri? Wazungu wanataka mpingo, kaka. Hizo karatasi watazifungia sabuni.

Mama_Chapa_Lindi:
@Daraja_la_Kwanza George Lilanga alikuwa mtu wa kusini hukuhuku, naye alianza na vinyago. Alipoingia Nyumba ya Sanaa pale Dar miaka ya 1970 akashika batiki, rangi, na chapa za bamba la metali. Kazi zake zikafika Africa Remix, yale maonyesho ya sanaa ya Afrika yaliyofunguliwa Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 2004. Mkono ni uleule. Na huko Ljubljana, Slovenia, chapa zina maonyesho yake tangu 1955.

Mchongaji, tena usiyafute maneno kwenye kazi yako. John Muafangejo wa Namibia alikuwa anajaza sentensi nzima kwenye chapa zake za lino, zile zinazochongwa kwenye zulia la sakafuni badala ya ubao, nyingi nyeusi na nyeupe, na ndizo zilizompa jina.

Fundi_Bomba_Masasi:
Sanaa siijui, ila kwa kutuma, kata kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, vifuniko huku na huku, katikati ya kila karatasi weka karatasi laini. Kadibodi hulowa njiani. Hakikisha wino umekauka, la sivyo watapokea andazi moja. Na hiyo ya kuku ndiyo upeleke, sanaa ya kisasa hiyo!

Mchongaji_Shangani:
Nashukuruni sana, na dada wa Lindi hasa. Barua ya euro nimeifuta. Nimeamua 12, maana karatasi nzuri nilizoagiza Dar ni 14 tu, mbili ziwe A/P. Ubao mpya nimeshauchora, safari hii jina nimelisomea kwenye kioo cha kunyolea kabla ya kugusa patasi.

@Fundi_Bomba, ya kuku haiendi popote. Mke wangu kaitundika sebuleni, anasema ndiyo pekee iliyokauka.