Hati ya shamba, picha 11: nipate PDF moja bila kurudi steshenari

BintiNgamiani
Asalam aleykum. Nina hati ya mauziano ya shamba la marehemu baba, kule Pangani. Karatasi 11 za kuandikwa kwa mkono, ya mwisho ina dole gumba la bibi yangu kwa wino wa zambarau. Wakili anazitaka kwenye PDF moja, isizidi MB 5. Juzi nikaenda steshenari moja huku Ngamiani, kijana akaniambia "nirushie WhatsApp". Nikarusha, akatengeneza, nikalipa elfu mbili. Nageuka kuondoka, naona dole la bibi limejaa kioo kizima cha kompyuta na watu watatu kwenye foleni wanalitazama! Namwambia afute, ananijibu "zitajifuta, dada". Zitajifutaje? Na kazi yenyewe mbovu: baada ya ukurasa wa 1 unakuja wa 10, na wa 7 umelala ubavu.

Nataka nifanye mwenyewe kwenye simu, kwa Chrome hiyohiyo. Nafasi ya kuweka programu sina, simu imejaa picha za harusi ya mdogo wangu. Ila hizo tovuti za kubadili picha, picha zangu huwa zinakwenda wapi?

FundiSahare
Wa aleykum salam dada. Ziko za aina mbili. Nyingine zinazichukua picha hadi kwenye seva yao, yaani kompyuta yao ya mbali, huko ndiko PDF inakotengenezwa. Nyingine kazi yote inafanyika ndani ya simu yako, tovuti inakuletea zana tu. Usiamini maneno yao, pima: fungua ukurasa, ungoje utulie, zima data na Wi-Fi, halafu weka picha yoyote isiyo na siri. Ikitoka PDF, basi imetengenezwa humo humo. Ya hati nayo ifanye data ikiwa imezimwa, ukimaliza funga ukurasa kabla hujawasha.

Mpangilio ulivurugika kwa sababu ya majina ya picha. Mashine nyingi zinasoma 1, 10, 11 ndipo 2. Andika 01, 02, 03.

MtotoWaPangani
Hilo shamba mnauza? 😀

BintiNgamiani
Haliuzwi kaka, tulia.

BabuChumbageni
Mwanangu, usitumie zile picha zilizopita WhatsApp, imezibana, herufi za mkono zinafifia. Piga upya, karibu na dirisha, bila flashi, ukate kitambaa cha meza kisionekane. Na usigeuze kuwa nyeusi na nyeupe! Mimi niligeuza yangu, muhuri wa bluu ukapotea na dole likawa doa la masizi. PDF yenyewe mara nyingi haipunguzi uzito, picha inaingia na kilo zake. Punguza kwanza kila moja, pikseli 1240 kwa 1754 zinatosha ukurasa wa A4 kusomeka.

BintiNgamiani
Shikamoo babu, na ahsante fundi. Tovuti ya kwanza nilipozima data iligoma palepale, nikaiacha. Ya pili ikatoa. MB 3 na kitu, ukurasa wa 7 umesimama, mistari ya dole la bibi inahesabika. Wakili kaipokea. Leo asubuhi nimerudi steshenari, nikasimama nyuma ya kiti cha yule kijana mpaka akafuta: kwenye kompyuta, kwenye kapu la taka, na kwenye WhatsApp yake. Kanuna, lakini kafuta.